Kupima atomi bila kuibomoa: kaviti ya mwanga, lenzi, ayoni au chipu?

Tucheze mchezo kwanza. Nina atomi moja ya rubidi, na nimeiandaa katika hali A au hali B kwa kurusha shilingi. Unajua A ikoje na B ikoje, hujui tu nimechagua ipi. Ugumu ni kwamba A na B hazijatengana kabisa: pembe kati yao ni digrii 60, kwa hiyo mwingiliano wao ni nusu. Nakupa atomi, unaipima, unanijibu. Sharti ni moja: ruksa kusema "sijui", marufuku kukosea.

Ukitumia kipimo cha kawaida, kile cha vitabu vya mwaka wa pili chuoni, utaiuliza atomi swali la ndiyo au hapana. Ukiuliza "wewe ni A?" ikajibu hapana, basi ni B, lala usingizi. Ikijibu ndiyo hujajua kitu, kwa sababu hata B hujibu ndiyo mara moja kati ya nne. Ukiwa unabahatisha swali la kuuliza, mara hili la A, mara lile la B, utapata jibu la hakika katika asilimia 37.5 ya michezo. Wanafizikia Ivanovic, Dieks na Peres walionyesha kati ya 1987 na 1988 kwamba unaweza kufika asilimia 50, kwa kipimo chenye majibu matatu: hakika A, hakika B, sijui. (Ningekuruhusu kukosea, kipimo cha kawaida kilichoelekezwa vizuri kingekutosha, na ungekosea asilimia 6.7 tu. Sharti ndilo linaloleta kazi.)

Sasa atomi yenye ngazi mbili za nishati, yaani hali mbili tu za kukaa, imetoa wapi jibu la tatu? Vipimo vya namna hii huitwa vipimo vya jumla, usifikirie jumla na rejareja, na kwenye makala za kitaalamu utaviona vimeandikwa POVM. Mwanahisabati Naimark ndiye aliyeweka wazi siri yake: kila kipimo cha jumla ni kipimo cha kawaida kilichofanyika kwenye nyumba kubwa zaidi. Unaiunganisha atomi na kitu kingine, wanakuwa kitu kimoja, kisha unakipima kile kingine, au vyote viwili.

Kwa hiyo anayechagua njia ya kufanya vipimo hivi ana maswali mawili ya kujiuliza. La kwanza, chumba cha ziada atakitoa wapi? La pili, habari inayotoka kwenye atomi, nani mwingine anaisikia? Watu wengi huruka yote mawili wakakimbilia asilimia ya usahihi iliyoandikwa kwenye muhtasari wa makala. Nimefanya kosa hilo mwenyewe, na limenigharimu miezi.

Lenzi na kigunduzi

Njia hii haina uchawi. Unaimulika atomi kwa leza iliyolengwa kwenye mruko mmoja wa elektroni. Ikiwa katika hali moja inang'aa, ikiwa katika nyingine inabaki giza. Lenzi inakusanya mwanga, kigunduzi kinahesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, umemaliza.

Wala usiidharau. Mwaka 2008 kundi moja la Oxford lilisoma ayoni moja (atomi yenye chaji) ya kalsiamu kwa usahihi wa asilimia 99.99, kwa wastani wa mikrosekunde 145 tu. Weka namba hiyo akilini, kwa sababu tutakapofika kwenye kaviti, ile ya vioo viwili vinavyotazamana, utaona haipigwi kirahisi.

Shida yake iko kwenye swali la pili. Atomi iliyo peke yake hutupa mwanga kila upande. Lenzi nzuri ya maabara, inayopokea mwanga hadi digrii 37 kila upande wa mhimili wake, hukusanya sehemu moja tu kati ya kumi. Tuseme kigunduzi nacho kinanasa asilimia 60 ya kinachokifikia. Hesabu inakuwa hivi: kila fotoni moja unayoihesabu, atomi imeshatupa kama 17. Moja imekufikia, 16 zimekwenda kwenye kuta za chombo cha ombwe. Na fizikia ya kwanta haijali kama ukuta umeandika daftari au haujaandika. Habari ikishatoka, imetoka. Kuta zina masikio, na hapa si msemo.

Ndiyo maana kipimo laini, kile cha kuigusa atomi kidogo ili ujue kidogo, hakiwezekani kwa lenzi. Wewe unajua kidogo, kuta zinajua karibu kila kitu, na hali mchanganyiko wa atomi, ile ya kuwa kidogo hii na kidogo ile kwa pamoja, imeshavunjika kana kwamba umeipima kwa nyundo. Juu ya hapo, kila fotoni ya nanomita 780 inaipiga rubidi teke la karibu milimita 6 kwa sekunde. Ayoni imefungwa kwa nguvu za umeme, inavumilia. Atomi isiyo na chaji, iliyoshikwa kwa leza tu, haivumilii sana. Mbinu ya zamani ya kuisoma ni kuisukuma nje ya mtego ikiwa katika hali moja, kisha kuangalia kama bado ipo. Ni sawa na kumuuliza mtu jina lake kwa kumtoa nje: akitoka ni Juma, akibaki ni Ali.

Kama unachotaka ni kusoma ndiyo au hapana mwishoni mwa hesabu, na huna mpango na atomi baada ya hapo, chukua lenzi. Usinunue vioo vya kaviti. Nasema hili mapema kwa sababu nusu ya wanaoniuliza kuhusu kaviti hawaihitaji.

Ayoni na vyumba vyake vitupu

Ayoni ya kalsiamu ina ngazi nyingi kuliko mbili tunazozitumia kama kyubiti, yaani biti ya kwanta. Zilizobaki ni vyumba vitupu ndani ya nyumba ileile, na jibu la Naimark linakuwa rahisi: huna haja ya kuazima kwa jirani. Kwa mchezo wetu ngazi tatu zinatosha. Unapanga mapigo ya leza ili "sijui" yote iangukie ngazi ya tatu, halafu unasoma ngazi moja baada ya nyingine kwa lenzi ileile.

Watafiti wa Innsbruck, Austria, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2022 walichapisha jaribio ambamo kyubiti moja ilisambazwa kwenye ngazi nne, na majibu manne yakawa yanaelekea kwenye kona nne za tetrahedroni, ile piramidi ya pembetatu tupu. Kwa kawaida, ukitaka kuijua hali nzima ya kyubiti, unapima kwa mielekeo mitatu tofauti na kila mara unabadilisha mpangilio. Hapa mpangilio ni mmoja tu. Kwa mtu anayetaka majibu yenye takwimu safi, sijaona njia inayoshinda hii.

Lakini angalia mwisho wake: usomaji bado ni wa lenzi. Kyubiti imesambazwa, imesomwa, imekwisha. Ukitaka iendelee kuishi, lazima uazime jirani, yaani ayoni ya pili inayobeba habari na kupimwa kwa niaba ya ya kwanza. Mfano maarufu ni wa NIST, taasisi ya viwango na vipimo ya Marekani, kule Boulder, 2005: alumini ilisomwa kupitia berili. Mwanga wa kuisoma alumini moja kwa moja uko kwenye nanomita 167, ndani kabisa ya urujuanimno, hakuna mwenye hamu ya kutengeneza leza hiyo. Basi wakamuuliza jirani. Uzuri wa kutumia elementi mbili tofauti ni kwamba mwanga wa kumsoma mmoja mwingine hausikii. Ukitumia ndugu wawili wa aina moja, mwanga unaomwagikia ayoni ya pembeni huwa kipimo ambacho hukukiomba.

Gharama ni muda. Mlango wa kimantiki, yaani hatua moja ya hesabu, wa kuunganisha ayoni mbili kwa kawaida huchukua makumi ya mikrosekunde au zaidi, na kila tawi la kipimo linataka mlango wake.

Kaviti ya mwanga

Hapa nitakaa, maana ndiko nilikozeeka.

Kaviti ni vioo viwili vilivyobonyea kidogo, vinatazamana. Katika maabara ya Gerhard Rempe, Taasisi ya Max Planck ya Optiki ya Kwanta huko Garching karibu na München, umbali kati ya vioo ni nusu milimita, na atomi moja ya rubidi inashikwa katikati kwa leza. Ubora wa vioo hupimwa kwa namba iitwayo finesi. Pale ni karibu 60,000. Maana yake fotoni iliyoingia huvuka kutoka kioo hadi kioo kama mara 19,000 kabla ya kutoka. Safari hiyo ni mita 9.5 iliyokunjwa ndani ya nusu milimita, na inamalizika ndani ya nanosekunde 32. Atomi inapitiwa na fotoni ileile mara elfu kumi na tisa. Hata ingekuwa kiziwi, ingesikia.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, atomi ikitaka kutupa mwanga, huutupa zaidi ndani ya kaviti, na kaviti ikijengwa vizuri ina mlango mmoja. Pili, atomi haihitaji hata kutupa mwanga. Kuwepo kwake tu katika hali fulani kunahamisha masafa ya kaviti, na fotoni inayobisha hodi inagundua hilo ikiwa mlangoni.

Garching mwaka 2010 walisoma rubidi kwa usahihi wa asilimia 99.4 ndani ya mikrosekunde 85, wakairudia atomi ileile mamia ya mara bila kuipoteza. Mwaka huohuo kundi la Paris, kwa kaviti ya nyuzi za kioo iliyowekwa juu ya chipu, lilivuka asilimia 99.92 kwa mikrosekunde 100. Namba nzuri. Sasa zilinganishe na ile ya Oxford hapo juu. Umeona? Lenzi na ayoni bado wako mbele. Anayenunua kaviti kwa ajili ya usahihi wa kusoma amenunua ngalawa ya mashindano ili avukie mto.

Kitu kinachouzwa na kaviti ni kingine, na Paris walikionyesha waziwazi 2011: hali ya atomi inaweza kujulikana huku atomi yenyewe, kwa wastani, haijatupa pembeni hata fotoni moja nzima. Habari imetoka mlangoni, kuta hazikusikia. Hapo ndipo kipimo laini kinapowezekana.

Utaratibu ninaoupenda ni ule uliopendekezwa na Luming Duan na Jeff Kimble mwaka 2004. Unatuma fotoni moja kuelekea kioo cha mbele. Atomi ikiwa katika hali inayoshikamana na kaviti, masafa ya kaviti yamehama, fotoni inakuta mlango umefungwa na kurudi ilivyokuja. Atomi ikiwa katika ile hali nyingine, fotoni inaingia, inazunguka, inatoka kwa mlango uleule, lakini wimbi lake limepinduliwa: palipokuwa kilele sasa ni bonde. Ukiwa umeiandaa fotoni katika mchanganyiko wa polaraizesheni mbili (mielekeo ya mtetemo wa mwanga), na moja tu kati ya hizo ndiyo inayohusika na atomi, basi huko kupinduka kunasomeka kama mgeuko wa polaraizesheni. Fotoni imekuwa chumba cha ziada. Imekuja kutoka nje, imeungana na atomi, imeondoka na habari, na wewe unaipima mita kadhaa kutoka kwenye atomi. Garching walitumia mbinu hii 2013 kuigundua fotoni bila kuiua, na 2014 wakajenga mlango wa kimantiki kati ya fotoni na atomi.

Sasa shika bamba la kugeuza polaraizesheni lililo mbele ya vigunduzi. Likiwa katika pembe moja, vigunduzi viwili vinatofautisha kabisa hali mbili za atomi: kipimo kikali, hukumu imetoka. Lizungushe hadi pembe nyingine, na vigunduzi havikuambii lolote kuhusu hali ya atomi. Vinakuambia tu kama ishara yake imepinduliwa au la, jambo unaloweza kulirekebisha. Kati ya pembe hizo mbili kuna kila kiwango cha ulaini unachokitaka. Ukali wa kipimo unauweka kwa vidole viwili, kama unavyopunguza sauti ya redio. Ukiongeza bamba la pili upande wa kuingilia, unaweza hata kufanya majibu mawili yasiwe na uzito sawa, na hicho ndicho mchezo wetu unachokihitaji.

Mchezo wenyewe unaisha kwa fotoni mbili. Ya kwanza inagawa "sijui" na "endelea". Ikija "endelea", kazi ya ajabu imefanyika: A na B, zilizokuwa digrii 60, sasa zimesukumwa hadi digrii 90. Unaizungusha atomi kwa maikrowevu ya gigahezi 6.83, yale ya ngazi mbili za chini za rubidi-87, kisha fotoni ya pili inauliza swali la kawaida, na jibu ni la hakika. Erika Andersson na Daniel Oi waliandika mwaka 2008 kwamba kipimo chochote cha jumla kinaweza kujengwa hivi, kama mti: kila panda ni kipimo chenye majibu mawili, na jibu la panda hii ndilo linaloamua utakachofanya kwenye panda inayofuata. Kwenye kaviti kila panda ni fotoni moja. Atomi haijaondoka mahali pake na hakuna ngazi ya ziada iliyoguswa.

Mpaka hapa nimeisifu. Tuje kwenye maumivu.

Umbali kati ya vioo lazima utulie. Kwa mwanga wa nanomita 780 na finesi ya 60,000, kioo kikisogea pikomita 6.5, umeshatoka nje ya upana mzima wa mlio wa kaviti. Atomi ya haidrojeni ina kipenyo cha pikomita mia moja hivi. Kwa hiyo unashikilia vioo viwili visisogee hata sehemu ya kumi ya atomi moja ya haidrojeni, katika jengo lenye lifti. Sijui nimesimama mara ngapi nikiutazama mstari kwenye oskiloskopu ukitetemeka kila mtu alipofunga mlango wa korido; mwishoni tulibandika karatasi: FUNGA POLEPOLE. Ilisaidia kuliko kifaa cha kupunguza mtetemo tulichoagiza.

Na vumbi. Finesi ya 60,000 inamaanisha kwamba katika mzunguko mmoja jumla ya mwanga unaotoka au kupotea, kwa sababu yoyote, ni sehemu 105 kwa milioni. Chembe moja mahali pabaya inakula hesabu yote. Niliwahi kuweka jozi ya vioo, nikafunga ombwe, nikapasha joto chombo kwa siku kadhaa kutoa unyevu, halafu nikapima finesi nikakuta robo ya niliyoilipia. Ilibidi kufungua kila kitu. Aliyekuwa zamu usiku ule aliniambia "pole", akanipa chai, hakuuliza zaidi. Hayo ni maisha ya kaviti.

Maumivu ya tatu ndiyo ya kifizikia hasa: fotoni iliyopotea. Ikipotelea ndani ya kioo baada ya kuonana na atomi, imeondoka na habari na wewe huna. Huko ni kuta kusikia, kwa mlango wa nyuma. Ukiwa na chanzo kizuri cha fotoni mojamoja, unajua kwamba fotoni ilitumwa na haikurudi, unaitupa raundi hiyo. Lakini wengi hutumia mapigo dhaifu ya leza, tuseme wastani wa fotoni 0.1 kwa pigo. Mapigo tisa kati ya kumi hayana kitu ndani, na hayadhuru. Katika yale yenye kitu, baadhi hupotea bila wewe kujua kwamba yalikuwepo. Matokeo yake kipimo chako kinafaulu kwa bahati, si kwa amri, na kila panda ya mti inazidisha hasara. Mti wa panda mbili unavumilika. Wa panda sita ningempa mtu wa ayoni.

Kuna kazi moja ambayo kwayo kaviti haina mshindani, nayo ni kupima kundi zima kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2016 walichukua mamia ya maelfu ya atomi za rubidi ndani ya kaviti moja, wakauliza swali moja tu: jumla ya spini zenu (ule usumaku mdogo wa kila atomi) ni ngapi? Hawakumuuliza mmojammoja. Kelele ya kipimo ikashuka mara 100 chini ya kiwango ambacho atomi zisizofungamana zingekipata. Hicho nacho ni kipimo cha jumla, laini kwa kila atomi na kikali kwa kundi, na ndicho wanachokitaka watengeneza saa za atomi. Lenzi haiwezi, kwa sababu inajua nani ni nani, na kujua huko ndiko kunakoharibu.

Jina la Serge Haroche litakujia ukianza kusoma, aliyepata Nobel ya 2012 pamoja na David Wineland. Usichanganye. Kaviti yake ya Paris ilikuwa ya maikrowevu, gigahezi 51, vioo vya niobi karibu na sufuri ya Kelvin, na fotoni ilikaa ndani milisekunde 130. Pale atomi ndizo zilizokuwa zinaipima nuru, moja baada ya nyingine, kila moja kwa ulaini. Ni mchezo wetu uliogeuzwa kichwa chini.

Chipu, na kompyuta ya mapajani

Kuna wanaouliza kuhusu saketi za upitishaji kamili, zinazopitisha umeme bila ukinzani. Hizi si atomi za Mungu, ni atomi za kiwandani: kipande cha chuma juu ya chipu, kwenye baridi ya milikelvini 10 hadi 20, kikiwa kimeunganishwa na kaviti ya maikrowevu. Wazo ni lilelile la mlango mmoja, na huko limefanikiwa kupita kiasi kwa sababu waya unakamata karibu ishara yote. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2013 walibadilisha ukali wa kipimo kidogokidogo na kufuatilia jinsi kyubiti inavyosukumwa na kila jibu. Mwaka 2019, palepale, waliukamata mruko wa kwanta ukiwa bado njiani na kuurudisha. Kama unachokipenda ni kipimo chenyewe, si atomi, chipu inakupa zaidi kwa juhudi ndogo. Ila ukitaka kutuma habari mbali kupitia nyuzi za kioo, maikrowevu yatakuangusha. Fotoni ya kaviti ya mwanga tayari ni msafiri.

Na chipu ina fadhila nyingine: tangu 2016 IBM wameziweka kyubiti zao kwenye intaneti. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anaweza kuandika mti wa panda mbili, akatumia kyubiti ya pili kama chumba cha ziada, akapata majibu kabla chai haijapoa. Kwa kawaida utapewa milango ya kimantiki na majibu ya 0 na 1, si ile ishara mbichi inayoyumba ambayo ndiyo utamu wa kipimo laini. Kwa utamu huo, pakua QuTiP, maktaba ya Python isiyolipiwa, na uigize kaviti mwenyewe: weka kasi ya kuvuja, weka ufanisi wa kigunduzi, tazama njia moja ya bahati nasibu ya atomi inayopimwa. Ushushe ufanisi kutoka 1 hadi 0.06, ile namba ya lenzi yetu, uone hali ya atomi inavyokufa ingawa hukubadilisha kitu kingine. Tasnifu ya uzamili inaweza kuandikwa hivyo bila kugusa kioo.

Basi ukishaamua ni kaviti

Tuseme umepitia yote na bado unaitaka. Unataka atomi ibaki, unataka kuzungusha ukali kwa vidole, mti wako ni mfupi, au unapima kundi. Karibu. Jambo litakaloamua kama utafaulu liko kwenye karatasi ya kuagizia vioo, na si finesi.

Chukua jozi mbili, zote zenye jumla ya 105 kwa milioni, kwa hiyo zote zina finesi 60,000. Jozi ya kwanza ina vioo pacha: kila kimoja kinapitisha 49.5, na 6 zinapotea kwa kufyonzwa na kutawanyika. Jozi ya pili ina kioo cha mbele kinachopitisha 95, cha nyuma 4, na zilezile 6 zinapotea. Muuzaji atazitaja kwa bei zinazokaribiana, na kwenye brosha ubora wake utaonekana uleule.

Tuma fotoni 1,000 kwenye kaviti ambayo atomi yake iko katika hali isiyoshikamana nayo. Katika jozi ya kwanza fotoni zinaingia mbele na karibu tisa kati ya kumi zinatokea nyuma. Zitakazorudi kwako ni 3. Katika jozi ya pili zinarudi kama 655. Na hata hizo 345 zisizorudi si hasara ya kawaida, kwa sababu atomi ikiwa katika ile hali nyingine idadi ya zinazopotea huwa tofauti. Ukimya wa kigunduzi nao unasema kitu kuhusu atomi. Uuweke kwenye hesabu yako ya kipimo tangu siku ya kwanza, kabla hujaagiza.